Barua kwa mwanangu kuruta: hiyo filimbi uliyopewa

Mwanangu,

Salamu zitafuata huko chini, kwanza niambie yule mwenzio aliyekaa chini uwanjani anaendeleaje.

Jumapili ulinipigia kutoka huko kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa simu ya kuazima umefurahi kweli, mama nimechaguliwa kiongozi wa platuni, mi nikapiga vigelegele mpaka mama Zuhura akachungulia dirishani, alafu ukachomekea kwa kicheko kwamba kuna mmoja kila asubuhi anasema anaumwa, anategea huyo, umemuongezea raundi za uwanja na kuruka kichura juu yake mpaka miguu ikamgomea. Ukacheka. Simu ikakatika maana nyuma yako kulikuwa na foleni. Sasa tangu siku hiyo usingizi sina, nimeamua kuandika kwenye simu hii hii, kesho naprinti pale steshenari, mjomba wako anapanda treni kuja Tabora kwenye mambo yake ya asali ataiacha getini. Wakitaka kuifungua waisome tu, humu hamna tusi la mtu.

Swali langu ni moja. Umejuaje kwamba anategea?

Furaha ninayo, tena nimetangaza kuanzia mwaloni Kibirizi mpaka sokoni Mwanga, mtoto wangu anaongoza platuni nzima, wale waliosema utarudi wiki ya kwanza unalia wamenyamaza. Lakini kuwa kiongozi wa makuruta maana yake we ni kuruta mwenye filimbi, basi. Adhabu sio yako. Adhabu ni ya afande, na afande naye ana wa juu yake wa kumuuliza. Kazi yako ni kuhesabu watu, ujue nani yuko lindo, nani kabaki hanga kwenye vitanda, nani uji umemshinda, nani usiku alikuwa anatetemeka, alafu upeleke taarifa juu. Mkihesabu namba asubuhi mmoja akapungua unaulizwa wewe. Hiyo tu inakutosha kukuchosha, hayo ya kichura nani kakupa?

Na usiniambie ndo ukakamavu. Nimepita huko, kabla JKT haijasimamishwa 1994, na enzi zetu haikuwa miezi mitatu hii yenu ya mujibu wa sheria. Ile habari ya mwenzangu wa kombania B sirudii, umeisikia humu ndani mpaka unaziba masikio. Ila yule naye aliitwa mtegaji. Nilikuwepo kwenye mstari.

Mchakamchaka una ufundi wake we. Wazito unawaweka mbele, wao ndo wanashika mwendo, wenye miguu unawarudisha nyuma waimbe. Ukifanya kinyume wenye mbio wanapotelea mbele huko, wa nyuma wanakatika mmoja mmoja kwenye vumbi na we kiongozi upo mbele unajiona bingwa wala hujui kama umeacha watu. Kiongozi anakimbia pembeni, anaangalia nyuso. Angalia midomo imekauka au la, angalia nani ameacha kuimba maana anayeacha kuimba pumzi imeshamuishia, angalia anayepepesuka, muulize jina lake na kambi gani hapa, akijibu vitu havieleweki huyo hategei mwanangu, huyo joto limempanda kichwani. Kivulini haraka, mlegeze viatu na mkanda, mmwagie maji, mpepee, mwingine akimbie zahanati ya kikosi, na kama hajitambui usimnyweshe, maji yatamwingia kwenye mapafu. Mwezi huu Tabora asubuhi baridi mnadanganyika, hamnywi maji, ikifika saa sita jua linawakuta mmekauka.

Alafu mmechanganywa wasichana na wavulana na maafande wengi ni wanaume. Kuna binti yupo kwenye siku zake, tumbo linamkata, pedi hana, atamwambia nani mbele ya watu wote? Atasema tu naumwa afande. Ataonekana anategea. Hapo ndo nilitegemea wao waone bahati wamepata kiongozi wa kike, wakunong'oneze we ukamwone matroni. Sasa kama we mwenyewe ndo unawazomea nani atakunong'oneza?

Mama mdogo wako alikuwepo nilipokuwa namsimulia mjomba, akasema ukali huo mtoto hakuuokota njiani, kautoa humu humu ndani. Nikamwambia achambue maharage.

Haya. Kuna hili lingine ambalo ndo hasa limenitoa usingizi, na sikulisema kwenye simu.

We unajua nilivyokaa kwenye foleni za kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mdogo wako, hilo halina haja. Ila nesi mmoja pale aliwahi kutuelezea wazazi tukiwa kwenye benchi, kwamba mtoto akiwa na selimundu yenyewe maana yake baba na mama wote wamebeba nusu. Na watoto wao wengine, kila mmoja ana nafasi yake, mwingine anatoka bila kitu, mwingine anabeba nusu kama wazazi. Wa nusu haumwi. Anakua, anacheza netiboli, anabeba ndoo, hajijui kabisa. Shida inaweza kuja siku akikimbizwa sana mfululizo bila kupumzika, juani, hajanywa maji. Misuli inagoma. Anakaa chini huku anaongea vizuri tu, anakwambia miguu haina nguvu, na ukimtazama unaona mtu mzima anaongea, utasema drama. Huyo akiachwa apumzike, anywe maji, aonwe na daktari, mara nyingi anarudi sawa. Akilazimishwa kuinuka amalizie raundi ndo anapotea.

Sasa soma tena ulivyonisimulia Jumapili. Mpaka miguu ikamgomea, akakaa chini. Hayo ni maneno yako. Anatoka wapi huyo binti? Huku kwetu magharibi na kule kanda ya ziwa selimundu ipo nyingi, kliniki inajaa. Kwenye hanga lenu lenye vitanda vya kupandiana hivyo wapo wa nusu kadhaa na hamna aliyeandikwa usoni. Umejuaje?

Na we mwenyewe. Hatukukupima. Ulikuwa mzima, unakula, hulazwi, pesa zote zikawa za mdogo wako, tukaona ya nini. Kwa hiyo nenda zahanati ya kikosi umwambie daktari, mdogo wangu tumbo moja ana selimundu, naomba mnipime au mniandike. Usione aibu kwamba we kiongozi. Nenda, na yule mwenzio mchukue mwende wote. Na siku miguu yako ikigoma kaa chini, wacheke wasicheke.

Nasikia wenzako wanasema ukiwa mpole platuni inakupanda kichwani. Uongo mtupu huo. Skauti hukuongoza? Vijana sita saba chini ya kijana mwenzao, ule mtindo upo tangu kambi ile ya 1907 kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, na ulifanya kazi kwa sababu wa kuongoza watu sita anawajua wote kwa majina, anajua nani anaogopa maji na nani anakojoa kitandani. We sasa una watu wengi kuliko hapo, ndo maana kuna seksheni. Wape viongozi wa seksheni kazi wakuletee taarifa, usitake kupuliza filimbi kila kona. Na zamu za lindo za usiku wa manane usiwape wale wale usiowapenda, marafiki zako ukawapa za saa mbili. Watu wanahesabu mwanangu. Wananyamaza ila wanahesabu. Jiandike wewe saa nane usiku kwanza, alafu uone kama kuna wa kulalamika. Chakula nawe uwe wa mwisho kupanga mstari, kikibaki ukoko unakula ukoko.

Huko Tabora ulipo ndo Mwalimu Nyerere alisoma sekondari. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu hawataki JKT ya lazima na kukatwa mshahara, akawafukuza chuo, karibu 400. Watu wanaisimulia hiyo kama ndo ushujaa wake, mi hapana, vijana nao walikuwa na hoja zao japo walijiona sana. Kinachonikaa mimi ni kwamba siku hiyo hiyo alisema anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kawakalia kooni ndio, lakini na yeye kajikata. We umejikata nini kabla ya kumuongezea mwenzio raundi?

Haya nimeacha. Sijaacha ila mkono umechoka.

Huku tupo. Ziwa Tanganyika limefungwa kuvua tangu tarehe 15 Mei, mpaka 15 Agosti ndo linafunguliwa, kwa hiyo Kibirizi pamepoa, zile chanja zetu za kuanikia dagaa mbuzi wamegeuza vitanda, wanalala juu kabisa na nyavu zinatoboka, nikifukuza wanarudi. Sikatai, samaki wapate kuzaliana, walikuwa wameisha kweli, na Wakongo na Warundi na Wazambia wamekubaliana hivyo hivyo. Ila mkopo wa kikundi haujui kama ziwa limefungwa, kila Alhamisi tunakaa na mwenyekiti anataka marejesho. Nimehamia mawese kwa sasa, nachukua madumu nauza rejareja kwa chupa, mkono wote mwekundu, faida yake ni ya chumvi tu. Dagaa waliobaki ndani nimekufungia kidogo na pilipili, mjomba anakuja nao, kama getini watakataa mwambie awale yeye asiwarudishe.

Mdogo wako hajambo, mwezi huu hakulazwa, folik asidi anakunywa, zile nyingine za bei nilimkopea. Anakuulizia. Kachora bunduki ukutani sebuleni na jina lako chini, nikamchapa, alafu sijafuta. Bibi mguu umevimba tena anakataa kwenda hospitali, anasema tukusubiri wewe ndo umpeleke, mi simwezi. Baba yako hajaandika kitu humu ila kasema nikwambie afande ni afande, usimjibu. Mama Zuhura anasema tangu irudi 2013 watoto wanakaa miezi mitatu wanarudi nyumbani wanaamuru mama zao wasimame mguu sawa. Jaribu.

Yale mashuka ya bluu bahari najua moja lilikuwa jepesi, fundi ndo alivyopata kitambaa. Vaa traksuti usiku. Nauli ya kurudi usiiguse hata kama kuna duka la kikosi lina soda.

Matokeo ya form six yatatoka wewe bado upo huko, tutayaangalia huku na mjomba atapiga kwa matroni. Na ya bodi ya mikopo, si unajua dirisha linafunguliwa wakati mko kambini, kijana wa steshenari kasema ataijaza fomu yako hapa ila anataka namba ya mtihani wa form four, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kwanza. Cheti original ulienda nacho kambini au kipo kwenye lile begi jeusi? Nimelipekua lote sijaona. Mpe mjomba jibu la hilo kwenye karatasi, na la yule binti, yote mawili. Ukiandika la cheti peke yake nitapanda treni nije mwenyewe.

Mama yako
Kigoma