Kabla hujawasha hita za fleti mpya

Glasgow, 9 Novemba 2025

Shoga yangu Mama Yusuf,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na baba watoto na vijana wote. Huku hatujambo, ila baridi imeshaingia kwa nguvu. Leo saa kumi na nusu jioni jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Picha za fleti mnayohamia Birmingham nimeziona, na nimefurahi kwa ajili yenu, maana najua mlivyohangaika. Jiko ni zuri, na kile chumba cha Yusuf kina mwanga. Lakini picha ya sebule iliponifikia nilisimama nayo mkononi. Lile sanduku jeupe, pana, lililobana ukutani chini ya dirisha, nalijua. Ninayo matatu kama hilo. Ndiyo maana nimeacha kukutumia sauti za WhatsApp nikaona niandike kwa kirefu, uisome barua hii kabla hujakabidhiwa funguo.

Ile ni hita ya matofali. Ndani yake mna matofali mazito ajabu, na katikati ya matofali hupita nyaya za umeme. Usiku, umeme ukiwa rahisi, nyaya zinayachoma matofali yale mpaka yanashika joto la mamia ya nyuzi. Asubuhi umeme unakatika wenyewe, na kutwa nzima joto linatoka polepole. Unakumbuka jiko la mofa la bibi yako kule Mombasa? Moto unawashwa kwanza, kuta za udongo zinashika joto, kisha mikate inabandikwa ikaiva kwa joto la ukuta, mwali umeshakufa zamani. Hita hii ni hivyo hivyo. Laiti kuna mtu aliyeniambia maneno hayo mawili tu siku niliyohamia hapa!

Hakuna aliyeniambia. Wakala alitupa funguo mwezi wa kumi 2023, akatuonyesha mahali pa kutupa taka, akaenda zake. Mimi nilikuwa natoka kwenye nyumba ya gesi, ambako ukisikia baridi unazungusha swichi, dakika kumi nyumba imepata joto. Nikaona juu ya sanduku swichi mbili za kuzungusha, moja imeandikwa Input, yaani kuingiza joto, nyingine Output, yaani kulitoa. Nikazizungusha zote mpaka mwisho, kwenye 6, katika hita zote tatu, nikasema watoto wangu hawatalala na baridi.

Basi usiku kucha matofali yakawa yanashiba umeme huku yanatema joto papo hapo, sisi tumejifunika mablanketi, tumelala. Asubuhi nyumba ilikuwa kama Tanga mwezi wa pili. Watoto waliporudi shule, hita zilikuwa zimebaki vuguvugu, na kufika magharibi zilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Nikaenda nikanunua hita ndogo ya feni ya kilowati 2, nikawa naiwasha saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Na kwenye tangi la maji ya moto palikuwa na swichi yenye taa nyekundu, ya kuchemsha maji saa yoyote, hata mchana. Nikaiacha imewaka daima, nikidhani ndiyo inavyotakiwa.

Bili ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ikaja Januari. Pauni 904.

Shoga, niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na koti mwilini. Nilidhani ni ya jirani, nikatazama jina. Kampuni ilikuwa inatukata benki pauni 120 kwa mwezi, kwa makisio yao wenyewe, na mimi nilijua umeme tunaotumia ndio huo wa 120. Hapo ndipo nilipoikumbuka Luku yetu kwa uchungu. Kule nyumbani unanunua kwanza, unabonyeza tarakimu 20, unaziona uniti zako, na zikikaribia kwisha mita inakulilia. Inaudhi, lakini hakuna siku inakushitua kwa deni la miezi miwili uliyokwisha kulala na kuamka. Huku unatumia kwanza na kuambiwa baadaye.

Nitakueleza na lililofuata, ingawa linaniuma mpaka leo. Nilimgeukia Salma. Alikuwa na miaka kumi na tano, anakaa bafuni muda mrefu kama wasichana wote, na mimi nilimwambia mbele ya wadogo zake kwamba anatumaliza. Nikamgombeza Baba Salma kwa televisheni. Yeye akashuka kwenye mita usiku akiamini kuna mtu anatuibia umeme. Pesa za dawa za mama za mwezi ule zilichelewa wiki mbili, na nikamdanganya mama kwamba benki ina matatizo. Kisha nikazima kila kitu. Siku kumi na moja, katikati ya Januari, hapa Glasgow, tulikaa na makoti ndani. Madirisha yalitiririka maji, kuvu nyeusi ikatambaa nyuma ya kabati la watoto, na mdogo akaanza kukohoa kifua kizima.

Kilichotuokoa ni bibi mmoja wa ghorofa yetu, mzee wa Kiskochi aliyekaa na hita hizi maisha yake yote. Alisikia kikohozi cha mtoto kupitia ukutani, akaja na supu, akasimama sebuleni akashika hita kwa nyuma ya kiganja. Hakusema neno. Akaniomba nimwonyeshe bili.

Akapitisha kidole juu ya karatasi, akaniuliza: bei ya usiku iko wapi? Nikamwuliza, bei gani ya usiku? Akanichukua mpaka kwenye mita. Mita yetu ilikuwa na hesabu mbili, moja ya mchana na moja ya usiku, kila moja na namba zake. Bili ilikuwa na bei moja tu, peni 27 kwa kila uniti. Yaani mpangaji aliyetutangulia aliwahi kuuacha mkataba wa bei mbili akaingia kwenye wa bei moja, na sisi tulipojiandikisha tukaingizwa humo humo bila kuulizwa nyumba inapashwa kwa nini. Mita ilihesabu usiku wake kwa uaminifu, kampuni ikachukua hesabu zote mbili ikazijumlisha, ikazitoza bei ile ile. Hita iliyotengenezwa kula umeme wa usiku kwa sababu ni wa bei nafuu ilikuwa inaula kwa bei ya mchana.

Nipe dakika nikupigie hesabu, maana bila hesabu hutaona. Hita ya sebuleni ni kilowati 3.4, ya chumbani 2.55, ya ukumbini 1.7. Jumla 7.65. Zikijaa kwa muda wa saa saba za umeme wa usiku, ni uniti 53 na nusu kwa usiku mmoja. Kwa peni 27, huo ni usiku wa pauni 14 na nusu, kabla hujachemsha hata chai. Kwa peni 15, ambayo ndiyo bei ya usiku niliyoipata baadaye, ni pauni 8. Na Salma kuoga hakukuwa na lolote katika hesabu hiyo. Jioni ile nilimwita chumbani kwangu nikamwomba radhi. Akalia, nami nikalia.

Kampuni nilipoipigia mara ya kwanza, kijana aliyepokea alinijibu kwamba mita ni nzima na bili ni sahihi. Kweli mita ilikuwa nzima. Ndiyo maana nakuambia usiulize kama mita ni nzima. Uliza: mita yangu ina hesabu ngapi, na mkataba wangu una bei ngapi? Hizo namba mbili zikitofautiana, hapo ndipo pesa inapovuja. Nikaandika malalamiko rasmi kwa barua pepe, nikaambatisha picha ya mita na picha ya bili. Ukiandika, weka tarehe, kwa sababu zikipita wiki 8 hawajakutatulia, una haki ya kupeleka shauri kwa msuluhishi wa mambo ya nishati, na hulipi kitu. Sikufika huko. Wiki ya tano walikubali kutuingiza kwenye bei mbili na kuipiga hesabu upya tangu siku tuliyohamia, wakaturudishia pauni 286. Bili ya Februari na Machi ikaja 438. Bado ni pesa nyingi, sikufichi, lakini tulikuwa na joto, na mtoto alikuwa amepona.

Umeniuliza kwa nini jengo zima halina gesi. Bibi alinieleza. Mwaka 1968 huko mashariki ya London, jengo la ghorofa liitwalo Ronan Point lilibomoka upande mmoja baada ya gesi kulipuka katika fleti moja, watu wakafa, na tangu hapo maghorofa mengi yaliondolewa gesi. Miaka kumi baadaye, 1978, ikaja ile bei ya usiku wa saa saba, wanaiita Economy 7, na masanduku haya yakazidi kuenea.

Sasa jambo la saa, nalo lisikilize vizuri, kwa kuwa sisi na Waingereza hatuhesabu saa sawa. Hizo saa saba za bei nafuu hazilingani kila mahali. Zangu zinaanza saa sita u nusu usiku hadi saa moja u nusu asubuhi. Nimeandika karatasi 00:30–07:30 nikaibandika juu ya mita, kwa sababu Baba Salma nilimwambia "saa saba" akadhani ni saba jioni za Kizungu, akafua nguo za wiki nzima kwa bei ya juu. Na majira yakibadilika mwezi wa tatu, mita nyingi hazifuati. Yangu huwa inabaki pale pale, kwa hiyo majira ya joto nafuu yake inaanza saa saba u nusu usiku na kwisha saa mbili u nusu asubuhi. Ukiwa kwenye bei mbili, mchana unakuwa ghali kuliko bei moja. Wangu ni peni 33. Kwa hiyo mashine ya kufulia iwe ya usiku, maji ya tangi yachemke usiku, na ile swichi yenye taa nyekundu usiiguse ila umeishiwa maji ya moto kabisa.

Katika majengo mengi ya zamani, aliyeamuru saa hizo alikuwa redio, utashangaa. Ishara ilikuwa inapita ndani ya mawimbi marefu ya BBC, Radio 4, kilohezi 198, na kidude kando ya mita kinaipokea na kuwasha hita. Nilipolisikia hili nilimkumbuka baba, alivyokuwa akitega sikio jioni kuikamata London, Idhaa ya Kiswahili, na kutunyamazisha sote. Huduma hiyo ilianza kuzimwa tarehe 30 Juni 2025, na nyumba zake zikaanza kubadilishiwa kwa mita janja (smart meter). Mwulize wakala wako kwa maandishi kama fleti hiyo ilikuwa na kidude cha redio, na kama kimeshabadilishwa. Pasipobadilishwa, hita inaweza kukataa kuwaka au kukaa imewaka saa zisizo zake.

Kuzitumia zenyewe si kugumu ukishaelewa. Input ndiyo kiasi cha joto unachoweka akiba usiku huu kwa ajili ya kesho. Ni kama kuloweka mbaazi: usipoloweka usiku, asubuhi uchochee moto utakavyo, umeshachelewa. Mimi kabla ya kulala natazama hali ya hewa ya kesho. Ikiwa ni theluji, nafika 5. Ikiwa ni mvua ya kawaida, 3. Output inakuwa 1 usiku kucha, na kutwa pia mkiwa nje, kisha jioni watoto wakirudi ndipo ninaifungua. Ya chumbani kwangu nimeizima kabisa. Nguo usianike juu yake hata siku moja. Mimi nimeunguza kanga yangu ya harusi ya Mwanahawa, ile ya zambarau, na Mungu alitunusuru na moto.

Siku ya funguo, kabla hujafungua hata sanduku la vyombo, piga picha ya mita, namba zote mbili, ionekane tarehe. Kisha usiku huo huo, baada ya saa zako kuanza, nenda kwenye mita na uone ni hesabu ipi inayotembea. Nipigie hapo hapo, uninyooshee kamera niangalie na wewe. Nitakuwa macho, nguo zangu zitakuwa kwenye mashine.

Msalimie sana Baba Yusuf na wanao. Salma anakusalimu, na anasema mwambie Yusuf achague kitanda mbali na dirisha.

Ni mimi nikupendaye,
Mama Salma