Obama hakuanza mwaka 2004

Mhariri,

Kila gazeti linapoandika habari za Barack Obama, linaanzia kwenye hotuba yake ya 2004 katika mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic na kurukia Ikulu ya Marekani. Miaka yake minane hivi katika Seneti ya jimbo la Illinois hupewa sentensi moja, na hilo linaniudhi.

Aliingia baada ya uchaguzi wa 1996, akiwakilisha wilaya ya 13 ya Chicago. Namna alivyoingia inafaa kuelezwa bila kupakwa rangi. Kambi yake ilipinga saini za wapiga kura zilizowadhamini wapinzani wake, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akishikilia kiti hicho, na hatimaye akabaki peke yake kwenye kura ya mchujo. Ilikuwa halali kisheria. Kwangu mimi, ilikuwa siasa ngumu mno.

Mwaka 2000 alishindana na mbunge Bobby Rush wa chama hichohicho akitaka kiti chake cha Bunge la Marekani, akashindwa kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Akarudi Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, kwenye kiti kilekile cha Seneti.

Chama chake kiliposhika wingi wa viti 2003, alisimamia sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliipinga mwanzoni, naye akakaa nao hadi wakakubaliana. Sheria hiyo imewalinda watu maskini wasilazimishwe kukiri makosa, nayo inastahili makala nzima gazetini mwako.

Msomaji wako,
Kisumu