Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: aliyeacha salio ndiye aliyelipa

Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

Shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kigoma, soko la Mwanga, ambako nina meza ya dagaa na mawese. Dagaa nawafuata Kibirizi alfajiri boti zinapoingia, nawaanika kwenye chanja wasipate mchanga, wakikauka nawapepeta na kuwafunga kwa kilo. Wateja wangu wengi sijawahi kuwatia machoni. Wapo Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, mmoja yuko Songea. Wanaona picha za dagaa kwenye WhatsApp, wanalipa kwa lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara kwenye simu, mimi napakia mzigo kwenye basi. Watoto wangu watatu wanasoma kwa mtindo huo.

Nimetapeliwa mzigo wa dagaa wa shilingi 800,000 kupitia lipa namba. Polisi nimeshakwenda, na nitakueleza. Wewe nakuandikia kwa sababu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imekupa kazi ya kuwasimamia wote wanaobeba hela zetu kwenye simu. Kampuni iliyonihusu siitaji. Nikiitaja utadhani ni ugomvi wangu na wao, kumbe wenzangu hapa sokoni wanaotumia mitandao mingine wana visa vinavyofanana na changu.

Ilikuwa siku za giza. Mwenzetu wa Dodoma labda hujui: dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka ziwani hakuna kitu, na giza likirudi mzigo unajaa. Wiki hiyo mzigo ulikuwa mzuri, wakavu, weupe, hawajavunjika. Akanipigia mtu, sauti ya kiume, mstaarabu kabisa, ananiita mama. Anataka kilo 40. Tukaelewana shilingi 20,000 kwa kilo, jumla 800,000. Akaomba lipa namba, nikampa. Baada ya kama nusu saa simu ikalia, hela imeingia.

Mimi si mgeni wa mambo haya, Gavana. Simu ya mkononi ya kutuma hela naijua tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Ujumbe peke yake siuamini, maana siku hizi mtu anaweza kukuandikia ujumbe unaofanana kila nukta na ule wa kampuni, akautuma kwa namba yake ya kawaida, na wewe mwenye haraka ukasoma neno "Umepokea" ukaishia hapo. Picha ya muamala ndiyo siitazami kabisa. Nilichofanya ni kile ninachofanya siku zote: nikapiga menyu, nikaingiza namba ya siri, nikaangalia salio. Hela ipo. Salio limepanda kwa 800,000 kamili.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha kunishtua na hakikunishtua. Jina la mlipaji lilikuwa la kike. Nilimpigia yule kijana, akacheka, akasema, "Ni mke wangu mama, mimi simu yangu ina tatizo la laini." Nani asiyelipiwa na mke? Nusu ya hela zinazoingia kwangu zinatoka kwa mtu ambaye siye aliyeagiza. Nikafunga mifuko minne ya kilo kumi kumi, nikaandika jina na namba kwa kalamu nene, nikaupeleka mzigo stendi, nikapewa stakabadhi. Basi likaondoka.

Siku ya pili mzigo ulichukuliwa Mbezi, Dar es Salaam. Siku ya tatu salio langu likazuiwa.

Nilipopiga huduma kwa wateja, yule dada alikuwa mpole, lakini alikuwa na sentensi moja tu: mlipaji amelalamika, muamala unachunguzwa, subiri. Amelalamika nini? Hawezi kusema. Nimletee nani stakabadhi ya basi? Niende dukani. Dukani wakaniambia wao hawashughuliki na hilo, nipige simu. Nilipiga mara nyingi mpaka wimbo wao wa kusubirisha mteja mwanangu mdogo akaukariri. Mwisho nikachukua namba ya mlipaji kutoka kwenye ule ujumbe wa malipo nikampigia mwenyewe.

Kumbe ni fundi cherehani wa Morogoro. Alipokea akaanza kwa tusi. "Mwizi mkubwa wewe, Mungu anakuona." Nyuma yake nasikia cherehani inalia, inasimama, inalia tena. Nikamwacha amalize. Nikamwambia, dada, mimi nauza dagaa Kigoma, wewe ulikuwa unanunua nini? Kimya. Kisha akasema: cherehani mbili za umeme. Ameziona Instagram, bei nafuu, kajadiliana na kijana mstaarabu anayemwita dada, akatumiwa lipa namba. Jina la biashara yangu lilimtokea kabla hajaweka namba ya siri, akauliza, mbona hili ni jina la duka la dagaa? Akajibiwa kwamba hiyo ni biashara ya mama yake, hela zote za familia hupitia huko. Akabonyeza.

Umeona mchezo, Gavana? Yule kijana hakushika hela hata dakika moja. Alimtoa fundi wa Morogoro hela yake, akaileta kwangu, kwangu akachukua dagaa, dagaa akaenda kuwauza sokoni kwa pesa taslimu ambayo haina jina wala namba. Ile njia ya zamani, "ile hela tuma kwenye namba hii", inaacha nyayo, kwa sababu mwizi lazima awe na laini na lazima atoe kwa wakala. Hii haiachi nyayo za hela. Laini pekee iliyopokea hela ni ya mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kidole, mwenye meza inayojulikana, ambaye hakimbii.

Baada ya hapo hela ikarudishwa Morogoro, yote 800,000. Sikupewa karatasi. Ulikuja ujumbe wa mstari mmoja na nusu.

Sisemi yule dada asingerudishiwa. Ni maskini mwenzangu, alikuwa amekopa kikoba. Tumebaki tunasalimiana, ameniahidi gauni la bure na nimelikataa, si yeye mwenye deni langu. Ninachouliza ni kwa nini hasara ilikuja yote kwangu bila mtu yeyote kuniuliza hata swali moja. Na jibu nimelipata kwa kukaa na kufikiri: ilikuja kwangu kwa sababu salio lilikuwepo. Hakuna sababu nyingine. Kama siku ile hela ilipoingia ningevuka barabara nikaitoa yote kwa wakala, wasingekuwa na cha kuzuia, na yule dada angeambiwa pole, aliyepokea ameshatoa. Kosa langu mimi lilikuwa kuiacha hela kwenye simu, mahali ambapo ninyi wenyewe mnatuhimiza tuiache.

Wenzangu hapa Mwanga walipokisikia kisa hiki hawakuhitaji semina. Siku hizi hela ikiingia inatolewa saa hiyo hiyo, inafungwa kwenye kona ya kanga, ada ya kutoa wanalipa huku wananung'unika. Mwaka 2021 tozo za miamala zilipokuja tuliwahi kurudi kwenye noti namna hii, na wapo mama wa Kibirizi ambao tangu siku hiyo hawajarudi kwenye simu. Sasa wanaongezeka wengine. Ukija na TANQR yako nzuri, ile alama ya kulipia kwa kuiskani na simu, kwenye meza zetu, ujue unakuta watu wa namna hiyo.

Nikiri pia kwamba hela yenyewe kupotea ndani ya kampuni si hofu yangu. Niliwahi kuelezwa na afisa wa benki kwamba kila shilingi iliyo kwenye simu lazima iwe na mwenzake amekaa kwenye akaunti maalumu ya amana benki, kampuni haiwezi kuitumia kununua magari. Hilo mmelifunga vizuri. Tundu liko kwenye muamala, pale hela inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine na halafu mtu wa tatu anaamua irudi.

Ombi langu la kwanza liko hapo. Hela iliyolipwa kwa lipa namba, yaani malipo ya biashara, isirudishwe kwa neno la upande mmoja. Izuiwe, sawa, kuzuia sipingi, hata mimi ningetaka hivyo kama ningekuwa Morogoro. Lakini ikishazuiwa, muuzaji aambiwe kwa maandishi kosa analodaiwa ni nini, apewe siku za kuleta ushahidi: stakabadhi ya basi, mazungumzo ya kuagiza, namba iliyopiga simu, namba iliyopokea mzigo. Mimi vyote hivyo nilikuwa navyo. Namba ya yule kijana ilikuwa kwenye simu yangu na kwenye simu ya fundi, ni ile ile moja, na ilikuwa bado hewani siku tatu baada ya wizi. Hakuna aliyetuuliza. Nikaituma mwenyewe kwenye 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ya kuripoti matapeli, kwa uchungu tu. Polisi walinipokea vizuri, wakaandika maelezo, wakanipa RB, ile namba ya kesi kituoni, lakini mpaka karatasi iende na irudi, dagaa wangu walishaliwa na vyombo vikaoshwa.

Na kama ikionekana muuzaji alitoa mzigo wa kweli kwa nia njema, basi isiwe yeye peke yake wa kubeba. Ninyi ndio mnaojua hesabu za kampuni hizi na makato wanayokusanya kwetu kila siku. Sitaki kukufundisha kazi, lakini ninajua kwamba kila upande uliogusa muamala ule ulipata chake isipokuwa mimi.

La pili ni dogo na nadhani ni rahisi. Mteja anapolipa lipa namba anaona jina la biashara. Haoni anachonunua. Nipewe uwezo wa kumtumia ombi la malipo ambalo mimi nimeandika: dagaa kilo 40, kwenda Dar, mpokeaji fulani. Lije kwenye simu yake kabla ya namba ya siri. Fundi wa cherehani akisoma "dagaa kilo 40" hata kama kadanganywa vipi kuhusu mama na familia, kidole kitasita. Na mimi nipewe kitufe cha kukataa hela ya mtu nisiyemjua, irudi kwake hapo hapo kabla sijapakia chochote. Leo hii hela ikinifikia imenifikia, nitake nisitake.

Sitajifanya kwamba mimi sina la kubadili. Nimebadili. Laini ya biashara nimeitoa kwenye simu janja ya WhatsApp nimeiweka kwenye kitochi, kinakaa nyumbani usiku na hakuna mtoto anayejua namba yake ya siri. Kila mwezi napiga *106# kuangalia kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu bila mimi kujua. Mlipaji akiwa na jina tofauti na mpokeaji wa mzigo, napiga namba iliyolipa, siyo ile iliyoagiza, namuuliza: umelipia nini? Swali hilo moja lingeniokoa. Wateja wengine wanakasirika, mmoja wa Mbeya ameniambia nina gubu, akahamia kwa jirani yangu. Jirani yangu haulizi.

La tatu. Kanuni zenu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinatutaka tuanze kulalamika kwa mtoa huduma, tusiporidhika ndipo tuje kwenu. Nilianza huko kama nilivyokueleza. Kuja kwenu ndipo palipo na safari. Matawi yenu yako Arusha, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Mtwara na Zanzibar. Kwa mtu wa Kigoma anayedai 800,000, nauli ya kwenda Mwanza na kurudi, kulala, kula, na meza kufungwa siku nne, ni kuongeza hasara juu ya hasara. Kuandika barua pepe naweza, mwanangu wa kidato cha tatu hunisaidia, lakini mama wa Katonga anayeuza kwa lipa namba na hajui kusoma vizuri ataandika na nani? Muweke mtu hapa. Hata siku mbili kwa mwezi, hata kwenye kona ya ofisi ya mkoa, mwenye kitabu cha kupokea malalamiko na muhuri.

Bahasha yangu ya kaki iko tayari. Ndani kuna nakala ya RB, stakabadhi ya basi, karatasi nilizochapisha za mazungumzo na yule kijana, na ule ujumbe wa mstari mmoja na nusu nilioupiga picha kabla haujafutika. Siku mtu wenu akifika Kigoma, aulize soko la Mwanga upande wa dagaa, ataonyeshwa meza yangu. Aje asubuhi baada ya saa tatu, kabla ya hapo ninakuwa Kibirizi.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa dagaa na mawese,
Soko la Mwanga, Kigoma.