Tumaini, Usisaini Kwanza

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni, Julai

Kamwene Tumaini,

Umeniomba nikujibu kwa kifupi: huyu bwana ananipenda au ananichezea? Kwa kifupi siwezi, shoga yangu. Ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Isitoshe, kwa maelezo yako mwenyewe, simu yako siku hizi ina wasomaji wawili. Barua nampa konda anayepita Mafinga, uifuate stendi.

Huku baridi imetukamata kweli, watoto wa darasa langu wanakuja na makoti ya kaka zao. Mengine tutaongea tukionana.

Sitakuhubiria. Kutongozwa ni raha, na mwanaume anayejua kutongoza simlaumu hata kidogo. Anapiga pasi shati, anajipulizia manukato, anachagua maneno, na wewe unajua anachotaka na unajua unaweza kukataa. Mimi ninayemwogopa ni yule anayekupunguzia nafasi ya kukataa kidogo kidogo, mpaka siku unayosema hapana unajiona wewe ndiye mkosaji.

Sasa hiyo safari ya Kitonga. Unasema mlikuwa mnashuka usiku, anayapita malori kwenye kona, moyo unakudunda, na hapo ndipo ulipojua huyu ndiye. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya utafiti kwenye daraja la Capilano kule Kanada, daraja la kuning'inia linaloyumba takriban mita 70 juu ya mto. Wanaume waliokuwa wakivuka walikutana na dada aliyewauliza maswali, kisha akawaachia namba ya simu. Wengine waliulizwa maswali hayohayo kwenye daraja la chini, imara, lisilotisha mtu. Waliotoka kwenye lile la kutisha ndio waliompigia kwa wingi zaidi. Watafiti wakasema mwili ukishashtuka, moyo mbio, viganja jasho, akili inatafuta sababu ya mshtuko huo, na ikimkuta mtu wa kuvutia pembeni inamtwika yeye. Kwa hiyo, mwenzangu, inawezekana kabisa usiku ule ulichokipenda ni kufika Ruaha Mbuyuni ukiwa mzima.

Sisemi alipanga. Wengi wa aina yake hawajasoma popote. Wanajaribu hili na lile, wakiona limeleta matunda wanalirudia.

Lililoniogopesha zaidi ni zile siku zake za kimya. Unakumbuka chuoni tulivyomkariri Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, ili tufaulu mtihani tu? Njiwa yumo kwenye kasha, anadonoa kitufe, anapata punje. Akipewa punje kila anapodonoa, siku zikikatika anaacha upesi. Lakini akipewa leo, akanyimwa kesho, akapewa tena asipotarajia, anadonoa bila kuchoka, na hata punje zikikoma kabisa anaendelea kwa muda mrefu. Skinner mwenyewe alisema mashine za kamari zinafanya kazi kwa utaratibu huohuo. Pita kwenye dubwi lolote hapo mjini kwenu, utawaona watu wazima wanalilisha sarafu za watoto wao.

Sasa soma wiki yako kama ulivyonisimulia. Jumatatu hadi Jumatano ni "umeamkaje malkia", na hela ya vocha juu. Alhamisi kimya. Ijumaa ujumbe una tiki moja. Jumamosi hujala. Jumapili usiku anagonga mlango na kuku wa kuchoma, anasema alikuwa porini kwenye mbao, hakuna mtandao, na wewe unalia kwa furaha. Umeniambia furaha ya Jumapili hiyo hujawahi kuipata kwa mwanaume mwingine. Nakuamini. Ila furaha hiyo imepikwa Alhamisi. Yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa anapiga kila jioni saa mbili, bila kukosa, ulisema hana ladha. Alikuwa hakuachi na njaa, basi.

Shangazi yako anadai umewekewa dawa. Mwambie apumzike, hakuna mizizi wala hirizi hapo. Dawa yenyewe ni kimya, na anaipima vizuri.

Kuhusu pete ndipo nataka tukae kidogo. Kwetu mwanaume akikutaka kweli kuna njia: barua ya posa, mshenga, kishika uchumba, halafu mazungumzo ya mahari. Tunalalamikia gharama zake, lakini uzito wa mambo hayo hauko kwenye hela. Uko kwa wale watu waliokaa sebuleni wakaona. Mjomba akishapokea bahasha, kijana ameshikika. Akigeuka kuna wazee watakaomuuliza, na wa kwake wataona aibu. Huyu bwana wako amezichukua alama zote hizo, mashahidi akawaacha nyuma. Alianza kukuita "mke wangu" mkiwa na wiki mbili, lakini dukani kwa kaka yake alikutambulisha kama mwalimu wa mtoto wa rafiki yake. Pete amekuvisha gesti, Iringa mjini, mkiwa wawili, kisha akakwambia uivue ukifika kazini kwa sababu watu wana macho. Amekupa funguo za chumba ambacho hujawahi kukikuta na nguo zake. Tumaini, pete ya kuficha inamfunga nani hapo? Yeye anatembea mkono mtupu. Wewe unakataa kusalimiana na wanaume barabarani kwa sababu "umeshachumbiwa".

Na kila alichokupa kimegeuka deni. Ulisema mwenyewe: "Amenifanyia mengi, nitamkataliaje?" Nilipiga hesabu kichwani: kitenge, manukato, simu ile ya mkononi, kuku. Mshahara wako wa mwezi mmoja unavinunua vyote na chenji inabaki.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa unayajua. Simu yako anaishika, yake ina namba ya siri. Mimi ananiita mwanamke mwenye wivu, na hajawahi kuniona. Halafu lile la kukana maneno yake, mpaka umeanza kuyaandika kwenye daftari kila anapoahidi kitu, ili ujithibitishie kwamba huna wazimu. Daftari hilo usilichome. Ukiwa naye usilitaje.

Sasa mkopo. Milioni sita za mshahara, kwa ajili ya miche ya parachichi kwenye shamba ambalo hujaliona, hati hujaiona, na jirani wa shamba hujamwona. Tazama alikuomba lini: Jumapili, baada ya siku tatu za kimya, wakati ungekubali hata kumpa figo. Unasema likiharibika kuna sheria. Ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kudai fidia mahakamani kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na hata kudai zawadi alizozitoa kwa sharti la ndoa. Lakini utasimama na nani kizimbani? Mhudumu wa gesti? Kaka mtu aliyeambiwa wewe ni mwalimu tu? Na mkopo utakuwa kwenye jina lako, unakatwa kila mwezi kabla hujauona mshahara.

Usiniambie nakulazimisha umwache, hilo ni lako. Ninachokuomba ni hapana mbili ndogo. Mwambie mkopo mwezi huu hauwezekani. Mwambie na wikiendi hii usije, nina mgeni. Usieleze sana, usiombe radhi, kisha kaa utazame. Mtu anayekupenda anaweza kununa, akauliza maswali, akalala na hasira zake, na Jumatatu ukamkuta palepale. Huyu akikumwagia sukari mara mbili ya kawaida, au akapotea wiki nzima, au ukajikuta unamwomba msamaha kwa kosa usilolijua jina, hutahitaji tena kuniuliza swali lile.

Mgeni mwenyewe ni mimi, kwa hiyo hutakuwa umedanganya. Jumamosi napanda gari la asubuhi, mchana nitakuwa Mafinga. Nakuletea mchele wa Kyela, na mama nimemnunulia shuka zito, maana najua baridi ya huko haina adabu. Fomu ya benki iache kwenye kabati la shule, chini ya madaftari ya watoto, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Na kama bwana anataka kunisalimia, aje tu, chai ipo. Aje na kaka yake.

Msalimie mama sana.

Wako,
Atu