Deshnoke: buruta miguu, usinyanyue

Mhariri,

Hekalu la Deshnoke, kilomita 30 hivi kutoka Bikaner, jimbo la Rajasthan, India, huitwa "la panya". Si haki. Ni la Karni Mata, mwanamke wa jamii ya Charan ambaye, kwa masimulizi ya wenyeji, ndiye aliyeweka jiwe la msingi la ngome ya Jodhpur mwaka 1459. Panya wanaoishi humo, waitwao kaba, waumini huwaona ni watu wa ukoo wake waliozaliwa upya.

Viatu huvuliwa. Ndani, buruta nyayo polepole: panya hukatiza miguuni wakikimbilia beseni la maziwa, na hatua ya kunyanyua ndiyo huwaponda. Ukimuua mmoja, desturi inataka utoe sanamu ya panya ya fedha. Panya mweupe akitokea, ni baraka. Tafadhali msimkimbize kwa kamera.