Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bomba Kwanza, Lami Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imehangaika na jambo moja kuliko mengine yote: kuiomba halmashauri isimwage lami kwenye barabara zetu kabla ya kulaza mabomba ya majitaka. Najua wapo waliokasirika. Mmevumilia vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na fedha za lami zilipotengwa hatimaye, chama chenu chenyewe kikaandika barua ya kusema subirini. Barua ile niliitia saini mimi, kwa hiyo maelezo mnanidai mimi.

Lami nzuri hudumu miaka 15 hadi 20 kabla ya kuhitaji tabaka jipya. Bomba la udongo wa kuchoma au la zege, likilazwa ipasavyo, huishi miaka 50 na zaidi. Tukianza na lami, siku bomba litakapofika barabara itapasuliwa, na barabara iliyopasuliwa hairudi ilivyokuwa. Udongo wa mtaro usiposhindiliwa tabaka kwa tabaka hutitia, maji hupenya kwenye ukingo wa kiraka, na shimo huanzia hapo hapo. Lami moja tungeilipia mara mbili.

Wengine wameuliza kwa nini kazi ianzie mtaa wa chini, ambao haukulalamika kama wa juu. Majitaka hushuka yenyewe kwa mteremko. Mwendo wake ukipungua chini ya takriban mita 0.6 kwa sekunde, mchanga na uchafu hutuama na bomba huziba. Ndiyo maana mabomba hulazwa kuanzia kule yanakoishia, kwenye mabwawa ya kusafishia, kisha hupanda mtaa kwa mtaa. Hapo hakuna upendeleo; nililikagua hilo mwenyewe kwenye michoro pamoja na mhandisi.

Kwenye malipo ndipo tulipobishana sana, na tulikuwa na sababu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kila mwenye kiwanja achangie kulingana na urefu wa upande wake unaopakana na barabara. Kwa lami hesabu hiyo ina mantiki kidogo. Kwa bomba haina: nyumba ya kona yenye watu watatu ingelipa pande mbili, huku jengo la wapangaji wengi lenye uso mwembamba likilipa kidogo, wakati ndilo linalojaza bomba. Kamati ilipendekeza bomba la mtaani ligawanywe kwa idadi ya maunganisho na ukubwa wa matumizi. Bomba kuu, linalohudumia mji mzima, lilipwe na mji mzima kupitia ada ya majitaka. Na barabara ibaki kwenye kodi ya jumla, kwa kuwa hupitwa hata na wasioishi hapa. Tumekubaliwa hilo la kona na la bomba kuu. La barabara bado linajadiliwa. Tumeomba pia mchango ulipwe kwa awamu, na wazee wasio na kipato waruhusiwe kuahirisha hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa.

Kuhusu mkopo, kamati haikuupinga. Bomba litatumiwa na wajukuu wetu, basi si dhuluma wakisaidia kulilipia. Tulichokataa ni kuichanganya lami kwenye mkopo huo huo wa miaka 30, maana barabara ingechakaa na deni lake likabaki. Tumeomba pia kila mwaka itengwe akiba ya matengenezo. Hilo nalisikitikia, kwa sababu tulijibiwa kwa maneno mazuri tu, na kwenye rasimu ya bajeti fungu hilo halimo.

Tumeshindwa pia kupata msaada kwa gharama ya kuunganisha nyumba na chemba ya barabarani. Msilione dogo. Nyumba nyingi zisipounganishwa, maji kwenye bomba huwa machache na uchafu hukwama. Na wale walioelekeza maji ya paa kwenye mashimo ya choo, nawasihi wayatoe sasa. Bomba la majitaka halikupimwa kubeba mvua. Likizidiwa, hufurika kwenye nyumba ya jirani wa bondeni.

Hesabu za fedha za chama zitasomwa na mweka hazina.

Michoro imebandikwa ofisini kwetu na maoni yanapokelewa kabla ya zabuni kutangazwa. Mwenye nyumba iliyo chini ya usawa wa barabara aje kwanza, aonyeshe choo chake kilipo na kina cha shimo lake. Kina cha bomba kikishapitishwa, nyumba iliyo chini yake itahitaji pampu maisha yake yote, na gharama hiyo itakuwa ya mwenye nyumba peke yake.

Mwenyekiti