Mfugaji huyu tumuenzi angali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimshukuru mfugaji mmoja wa farasi wa mbio hapa Lexington, Kentucky. Hapendi jina lake litajwe gazetini, nami naliheshimu hilo.

Udongo wa huku umelala juu ya mawe ya chokaa. Kalsiamu na fosforasi yake hupitia kwenye nyasi na maji hadi kwenye mifupa ya mtoto wa farasi. Ukishaumwagia lami, basi tena.

Mwaka 1958 Lexington ulikuwa mji wa kwanza Marekani kuweka mpaka wa kuzuia ujenzi kutapakaa mashambani. Tangu 2000, serikali ya mji hununua haki za ujenzi: shamba linabaki lako, hata kuuza waweza, ila halitageuzwa mtaa daima. Mzee huyu alitia saini, kisha akazunguka kwa majirani mmoja mmoja kuwaelewesha. Wengine walimfungia mlango. Alirudi.

Juzi nilimkuta kapiga magoti malishoni, akifukia kwa mikono shimo lililochimbwa na kwato, mtoto wa farasi akimnusa kofia. Naiomba halmashauri imtunuku mapema.

Msomaji wenu,
Lexington